Maswali ya Wasomaji: Kigoma Iko Mbali Kiasi Gani kwa Ndege?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mwisho wa reli, na ingawa waandishi wake hawajuani, karibu wote wanauliza kuhusu jambo moja: umbali wa anga kati ya mji mmoja na mwingine, na saa ambazo ndege huzitumia kuumaliza. Kwa sababu hiyo tumeyaweka kando maswali mengine ili tuyajibu haya kwa pamoja, na kwa urefu yanaostahili.

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Gungu, Kigoma. Mzigo wangu hutangulia kwa lori, nami huufuata kwa ndege hadi Dar es Salaam. Binti yangu alitafuta kwenye simu akaniambia kwamba umbali ni kilomita 1,080 na kwamba ndege huchukua saa 1 na dakika 20. Tiketi yangu ya kwanza ilionyesha saa 2 kamili. Ya pili, kwa safari ileile, ilionyesha saa 3 na dakika 10, na siku hiyo nilichelewa kukutana na mteja wangu Kariakoo. Je, ni nani niliyepaswa kumwamini? – *Msomaji, Gungu*

Jibu: Ndugu yetu, pole kwa kumkosa mteja. Binti yako hakukudanganya, na tiketi zako hazikukosea. Tuanze na kilomita, kwa kuwa hizo hazina ubishi. Ukipima mstari ulionyooka angani kutoka kiwanja cha ndege cha Kigoma hadi kile cha Dar es Salaam, utapata takribani kilomita 1,080. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takribani kilomita 1,250 kati ya miji hiyo miwili, kwa sababu treni hulazimika kufuata mabonde, kukwepa vilima na kupita kwenye stesheni zake. Kwa hiyo ndege inaipunguzia reli kilomita 170 tu. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana hudhani kwamba ndege hufika mapema kwa sababu imekata njia, wakati ukweli ni kwamba karibu faida yote hutokana na mwendo.

Na hapo kwenye mwendo ndipo hesabu ya simu ilipoteleza. Kurasa za namna hiyo huchukua umbali na kuugawa kwa mwendo mmoja wa kukadiria, mara nyingi kilomita 800 kwa saa au zaidi, kana kwamba kila ndege duniani ni jeti kubwa. Gawanya 1,080 kwa 800 utapata ileile saa 1 na dakika 20 aliyokutajia binti yako. Lakini ndege ambayo watu wa Kigoma wameizoea kwa miaka kadhaa ni Dash 8 Q400, yenye injini mbili za mapanga na viti 76, ambayo baadhi yetu huiita pangaboi. (Jina hilo silifurahii sana, kwa kuwa ndege hii ni imara na hutua kwenye viwanja ambavyo majeti mengi hayawezi kutua, lakini watu wamekwisha kulizoea.) Ikiwa juu, hukimbia kwa takribani kilomita 660 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 1,080 zinahitaji saa 1 na dakika 38, hata kabla hatujaongeza chochote.

Na vya kuongeza vipo. Ndege haianzi safari ikiwa tayari na kilomita 660 kwa saa. Hupanda taratibu ikiwa na mwendo mdogo hadi ifikie kimo chake, ambacho kwa Q400 hakizidi sana meta 7,600, na inapokaribia mwisho huanza kushuka na kupunguza mwendo mapema, kisha huzunguka ili ielekee sawasawa na njia ya kutulia. Dar es Salaam, kwenye kiwanja chenye ndege nyingi kuliko Kigoma, rubani anaweza kuambiwa asubiri zamu. Isitoshe, muda ulioandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama mahali pa kuegeshwa upande wa pili, kwa hiyo mwendo wa polepole wa pale chini nao umo ndani yake. Ukijumlisha vyote hivyo, saa 2 za tiketi yako ya kwanza ni hesabu ya haki kabisa.

Tiketi ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Itazame tena, na bila shaka utaona kwamba ndege hiyo ilitua Tabora. Sasa fanya hesabu: Kigoma hadi Tabora kwa anga ni takribani kilomita 350, na Tabora hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 730. Jumla ni ileile 1,080, au tuseme inazidi kwa kilomita tano au sita tu. Tabora iko kaskazini kidogo ya mstari wako, kiasi cha kilomita 50, na mchepuko mdogo kama huo kwenye safari ndefu hauongezi umbali wa maana. Hata hivyo umekugharimu zaidi ya saa nzima, kwa sababu ndege ilishuka, ikapunguza mwendo, ikatua, ikateremsha abiria na mizigo, ikapakia wengine, labda ikajaza mafuta, kisha ikaanza upya kazi ya kupanda, ambayo nayo hula muda na mafuta mengi. Kwa mtu mwenye miadi Kariakoo, swali la kumuuliza wakala wa tiketi ni kama ndege inatua njiani au haitui. Kisha ongeza muda wa kusubiri begi na wa foleni ya Barabara ya Nyerere, ambayo haimo kwenye tiketi ya mtu yeyote.

Swali: Ninafundisha Hisabati katika sekondari moja hapa Ujiji. Tunapofika kwenye mada ya Dunia kama tufe, mifano ya vitabuni huwa ni ya miji ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuisikia. Je, naweza kuwafundisha wapate umbali wa Kigoma na Dar es Salaam kwa kutumia atlasi tu, bila intaneti? – *Mwalimu, Ujiji*

Jibu: Unaweza, Mwalimu, tena jibu litakuwa karibu sana na lile la mitambo. Waambie wasome kwenye atlasi mahali viwanja vilipo. Kigoma ni nyuzi 4.9 kusini na 29.7 mashariki, na Dar es Salaam ni nyuzi 6.9 kusini na 39.2 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 2.0, na tofauti ya longitudo ni nyuzi 9.5. Kwa kuwa mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoondoka ikweta, zidisha 9.5 kwa kosini ya latitudo ya katikati, yaani nyuzi 5.9, ambayo ni 0.995, nawe utapata 9.45. Baada ya hapo mpe kazi Pythagoras: mraba wa 2.0 ni 4, mraba wa 9.45 ni 89.3, jumla ni 93.3, na kipeuo chake cha pili ni 9.66. Hizo ndizo nyuzi zinazoitenga miji hiyo miwili.

Kila uzi mmoja wa duara kubwa la dunia ni maili 60 za baharini, na ndiyo asili ya maili hiyo: ni dakika moja ya uzi. Kwa hiyo umbali ni maili 580 za baharini. Ukitumia nusu kipenyo cha kilomita 6,370 na pai ya 3.14, kama wanavyofanya wanafunzi wa sekondari, uzi mmoja ni kilomita 111.1, na jibu ni kilomita 1,073. Kompyuta itakupa kama 1,077. Tofauti ya kilomita nne, kwa kalamu, karatasi na atlasi ya maktaba, si haba.

Wanafunzi wako werevu watakuuliza jambo moja, na afadhali ujiandae. Wamefundishwa kupima umbali kwa kufuata mstari wa latitudo, na pia wamefundishwa kwamba njia fupi kuliko zote ni ile ya duara kubwa. Je, njia hizo mbili zinatofautiana kiasi gani huku kwetu? Chukua sehemu mbili zilizo kwenye latitudo ya nyuzi 5 kusini, zikitengana kwa nyuzi 9.5 za longitudo, yaani zaidi ya kilomita 1,000. Tofauti ya njia hizo mbili ni kama meta kumi tu, ambayo haifiki hata nusu ya urefu wa ndege yenyewe. Tuko karibu mno na ikweta kiasi kwamba mstari wa latitudo wenyewe ni kama duara kubwa. Mambo hugeuka kaskazini ya mbali, ambako ndege inayotoka London kwenda Los Angeles hupanda hadi karibu na Greenland, na mtu anayeitazama kwenye ramani bapa ya ukutani hudhani kwamba rubani amepotea njia. Hesabu yetu ya Pythagoras nayo haifai huko, na waambie hivyo mapema kabla mmoja wao hajaitumia kwenye mtihani.

Swali: Rafiki yangu anasema kwamba kwa kuwa dunia inazunguka, ndege ikipaa kutoka Dar es Salaam na kusimama tu angani, Kigoma itakuja yenyewe chini yake. Mimi nilikataa lakini nilishindwa kueleza. – *Mwanafunzi, Kasulu*

Jibu: Mwanangu, umekataa vizuri, ingawa rafiki yako naye si mjinga. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na huku kwetu ardhi husogea kwa kilomita 1,660 hivi kila saa. Kama ndege ingeweza kweli kujitenga na mzunguko huo, longitudo ya Kigoma ingefika chini yake baada ya dakika 38. Lakini hebu mwulize rafiki yako ndege hiyo ingerudije Dar es Salaam, maana ingekuwa ikiufukuza mji unaokimbia kwa kilomita 1,660 kwa saa ilhali yenyewe ina 660 tu, na kila dakika ingezidi kuachwa nyuma kuelekea Kongo.

Jambo linalosahaulika ni hewa. Hewa nayo huzunguka pamoja na ardhi, na ndege, hata kabla ya kupaa, tayari ina mwendo huohuo wa ardhi. Kama umewahi kupanda treni, kumbuka abiria anayerusha karanga juu na kuidaka kwa mdomo treni ikiwa inakimbia kati ya Uvinza na Kaliua. Karanga haiendi kumpiga mtu wa behewa la nyuma, kwa kuwa ilikuwa ikisafiri na treni tangu ilipokuwa mkononi. Na ndege ndivyo hivyo.

Kinacholeta tofauti kati ya kwenda na kurudi ni upepo, yaani ile hewa inayosogea juu ya ardhi iliyo chini yake. Katika anga la Afrika Mashariki, kwenye kimo kinachotumiwa na ndege za mapanga, upepo huvuma mara nyingi kutoka mashariki. Ukivuma kwa kilomita 20 kwa saa, ndege inayokwenda Kigoma husukumwa na kufika kwa dakika 95, na inayorudi Dar es Salaam hukabiliana nao na kutumia dakika 101, nikihesabu muda wa kuwa juu peke yake. Dakika sita tu. Abiria aliyesinzia hazioni.

Swali: Katika Ramadhani moja nilikula daku Dar es Salaam, nikapanda ndege ya alasiri na kufuturu nyumbani Ujiji. Siku ile niliiona ndefu kupita kawaida. Vijana wangu wanasema ni uzee na uchovu wa safari. – *Mzee wa Ujiji*

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Uliyoyahisi ni ya kweli, na yana hesabu yake. Jua hupita longitudo moja kwa dakika 4, na kati ya Dar es Salaam na Kigoma mna longitudo 9.5, kwa hiyo jua la Kigoma huzama kama dakika 38 baada ya lile la Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani katika miji yote miwili zinasoma sawa. Ulianza kujizuia kwa alfajiri ya pwani ukamaliza kwa magharibi ya ziwani, kwa hiyo dakika hizo 38 ulizifunga wewe wala hukuziota. Mwenzako aliyekula daku Kigoma na kufuturu Dar es Salaam alizipunguziwa.

Kama ulikaa dirishani upande wa jua, huenda uliona pia kwamba halikuwa na haraka ya kushuka. Ndege inayokwenda magharibi kwa kilomita 660 kwa saa huwa inalifuata jua, kwa hiyo jua huonekana kuteremka kwa mwendo wa asilimia 60 tu ya kawaida yake. Tena aliye kwenye kimo cha meta 7,600 huona mbali zaidi kuliko aliye chini, na jua humuaga kama dakika kumi baada ya kumzamia mtu aliyesimama chini yake. Kuhusu lini hasa afuturu aliye angani, hilo ni la mashehe, nami sitalivamia.

Niongeze neno moja kwa wakazi wote wa Kigoma. Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo haigusi nchi yetu hata kidogo, kwani hata Dar es Salaam iko magharibi yake. Ndiyo maana jua la utosi huku hufika karibu na saa saba mchana, wala si saa sita. Bujumbura, ambayo iko karibu kwenye longitudo ileile ya Kigoma, umbali wa kilomita zisizofika 180, imerudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kwa hiyo ndege ndogo inayoruka Kigoma saa 4:00 inaweza kutua huko saa 3:40 ya asubuhi ileile, bila muujiza wowote.

Swali: Dada yangu ameolewa Kinshasa. Kwenye ramani naona Kinshasa iko moja kwa moja upande wa magharibi wa Kigoma, lakini wakala ananipeleka Dar es Salaam kwanza, halafu Nairobi. Tena tiketi ya Nairobi hadi Kinshasa inaonyesha kuondoka saa 3:00 asubuhi na kufika saa 4:25 asubuhi. Je, kweli Kinshasa ni saa moja na nusu tu kutoka Nairobi? Na je, naweza kumbebea mawese kwenye begi la mkononi? – *Msomaji, Mwanga*

Jibu: Ramani umeisoma sawasawa, dada. Kinshasa na Kigoma zinatofautiana nusu ya uzi tu wa latitudo, na kwa anga zimetengana kwa kilomita 1,580 hivi, ambazo jeti ingezimaliza kwa takribani saa 2 na nusu. Tatizo ni kwamba hakuna ndege ya ratiba inayounganisha miji hiyo miwili, kwa sababu ndege hufuata wingi wa abiria, na abiria wa kujaza viti kila wiki kati ya ziwa letu na mto Kongo hawajapatikana. Kwa hiyo utakwenda mashariki ili ufike magharibi: kilomita 1,080 hadi Dar es Salaam, 670 hivi hadi Nairobi, kisha 2,410 kutoka Nairobi hadi Kinshasa. Jumla ni kilomita 4,160, zaidi ya mara mbili na nusu ya mstari wako wa ramani, na katika kipande cha mwisho utavuka tena longitudo ya nyumbani kwako, ukiwa juu sana na upande wa kaskazini.

Ama saa ya kufika, hapo usidanganyike. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika, yaani ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa mbili. Saa 4:25 ya Kinshasa ni saa 6:25 kwa saa ya Nairobi na Kigoma, kwa hiyo utakuwa umesafiri kwa saa 3 na dakika 25. Ukirudi, mambo yatageuka, na safari hiyohiyo itaonekana kama ya saa tano na nusu. Ukijumlisha vipande vitatu, utakaa ndani ya ndege karibu saa saba, mbali na kusubiri viwanjani, na kama tiketi zako zimenunuliwa mbalimbali badala ya kuwa moja, acha nafasi ya kutosha Dar es Salaam, kwa kuwa ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haina wajibu wa kukungoja. Mwulize wakala akuoneshe mahali palipoandikwa muda wa safari, usitoe saa ya kuondoka kutoka kwenye ya kufika. Na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani bila hicho utazuiwa mlangoni.

Mawese kwenye begi la mkononi hapana, kwa sababu vimiminika vinavyozidi mililita 100 huzuiwa kwenye ukaguzi wa safari za nje. Lakini hata kama vingeruhusiwa, ningekushauri uyaache nyumbani, maana Kinshasa mawese ni tele. Mpelekee dada yako dagaa waliokauka vizuri, wafungwe mara mbili ili wasinukie nguo, na uwaweke kwenye begi kubwa.